Masimulizi ya makuchu wa Nairobi: tunarekodije wakati kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kipo?

KaratasiNaWino

Salaam wadau. Tuko kikundi kidogo tunaotaka kurekodi masimulizi ya makuchu, yaani mashoga na wasagaji, walioishi Nairobi kuanzia miaka ya 80 hadi juzi juzi hivi. Hatutengenezi filamu na hatuna chuo kikuu nyuma yetu. Tunataka sauti na maandishi yakae salama, ili sheria ibadilike isibadilike, kuwe na kitu cha kusikilizwa. Waliokuwa vijana wakati wa Nyayo (utawala wa Moi) sasa wanapita miaka 60, na wengi hawana hata picha moja waliyothubutu kuiweka.

Tunalenga watu kama 20, nusu wawe wanawake. Hapa ndipo tumekwama. Je, kurekodi kwenyewe ni kosa, na rekodi inaweza kugeuzwa ushahidi dhidi ya msimuliaji? Tutumie vifaa gani na tuhifadhi vipi? Tena watu hawakumbuki miaka: mtu anakwambia "ilikuwa zamani kidogo" na huwezi kujua ni 1988 au 1999. La mwisho, majina ya baa na mitaa: tuyaache au tuyafute?

Wenye mahubiri, tafadhali fungueni uzi wenu.

Wakili_RiverRoad

Tuanze na sheria yenyewe, maana watu huiogopa kwa jumla bila kuisoma. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ina vifungu vitatu vinavyowahusu. Cha 162 kinaadhibu tendo la kujamiiana "kinyume cha maumbile", kifungo hadi miaka 14, au 21 kama hapakuwa na ridhaa. Cha 163 ni jaribio la tendo hilo, miaka 7. Cha 165 ni "utovu mkubwa wa adabu" kati ya wanaume, hadharani au faraghani, miaka 5. Vyote vinaadhibu tendo. Hakuna kinachosema kuwa shoga ni kosa, na hakuna kinachokataza kusimulia uliishi wapi, ulikula na nani na ulilipa kodi kiasi gani.

Vifungu hivi vililetwa na Mwingereza: kwanza kupitia Kanuni ya Adhabu ya India iliyoanza kutumika huku 1897, kisha kwa kanuni yetu ya 1930. Uingereza yenyewe ililegeza yake 1967, miaka minne baada ya sisi kupata Uhuru. Hapa Mahakama Kuu, majaji watatu, ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019, na rufaa ikakatwa. Kwa hiyo fanyeni kazi mkijua vipo.

Sasa ushahidi. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema ungamo halikubaliki isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichotajwa asiyeichunguza kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshtakiwa. Mahojiano yenu ya sebuleni hayafiki hapo. Lakini msijidanganye kwamba yamekuwa salama. Anayemwumiza msimuliaji kwa kawaida si hakimu. Ni karao (polisi) anayepata simu yenye majina na kuanza kudai pesa, ni mwajiri, ni mwenye nyumba, ni shemeji anayetambua sauti. Pangeni ulinzi wenu mkiwafikiria hao kwanza.

Kutokana na hilo, mambo manne:

Msimuliaji asihojiwe kuhusu tendo, tarehe ya tendo, wala jina la aliyekuwa naye. Akianza mwenyewe, zima kinasa, mwache amalize, washa tena. Historia haipotezi kitu hapo. Kitanda cha 1991 hakikuwa tofauti na cha leo, lakini namna wanaume wawili walivyopangisha chumba kimoja Eastleigh mwaka huo hakuna aliyeiandika.

Msiweke picha za utupu kwenye mkusanyiko, hata msimuliaji akiwapa kwa moyo mweupe. Kifungu cha 181 kinahusu machapisho ya aibu na kinaweza kuwashika ninyi wenyewe.

Msipige video. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni ya kupiga filamu. Mwaka 2014, baada ya bodi ya filamu kupiga marufuku "Stories of Our Lives", filamu kuhusu maisha ya makuchu, mmoja wa watayarishaji alikamatwa kwa hoja ya kukosa leseni hiyo, wala si kwa 162. Sauti haina mlango huo.

Data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inauhesabu mwelekeo wa kijinsia kuwa data nyeti. Mkiwa na orodha ya majina, nyinyi ndio wadhibiti wa data kisheria. Ikivuja, mna saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, na wahusika wenyewe pia wajulishwe. Sheria hiyo ina nafuu kwa kazi za historia na sanaa, lakini nafuu haiondoi wajibu wa kulinda. Njia nyepesi ni kutokuwa na orodha kabisa, au kuwa nayo kwenye karatasi moja tu.

Fomu ya ridhaa: msidai jina la kitambulisho wala sahihi. Rekodi ridhaa ya mdomo kwenye faili yake peke yake, ikitaja namba ya siri ya msimuliaji na mambo matatu: nani anaruhusiwa kusikiliza, kuanzia lini, na kama sauti itatumika au maandishi tu. Mpe muda wa kubadili nia, tuseme siku 30 baada ya kusomewa maandishi. Haki ya kuondoa ridhaa ipo kisheria hata baada ya hapo, ila mweleze waziwazi kwamba kilichokwisha kuchapishwa hakirudi chupani.

FundiSauti

Wakili kasema vizuri. Mimi niongeze ya vyuma.

Kinasa sauti cha mkononi kinachotumia kadi ya memori kinafaa kuliko simu, kwa sababu hakina akaunti wala hakijui intaneti ni nini. Simu nyingi hupandisha faili kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe, usiku, zikipata Wi-Fi. Ukilazimika kutumia simu, iwe isiyo na laini, iliyofutwa na kuanzishwa upya, haijaingizwa akaunti yoyote, na iko kwenye hali ya ndegeni tangu mwanzo. Simu za kila mtu chumbani, ya msimuliaji pia, zizimwe na zikae chumba kingine.

Rekodi WAV, 48 kHz, biti 24, mono. Hiyo ni kama MB 520 kwa saa. Watu 20, dakika 90 kila mmoja, ni karibu GB 16. Mkirudi kwa kikao cha pili ni mara mbili. Kwa hiyo msiambiwe mnunue diski ya TB 4. Usirekodi MP3 kwa kuokoa nafasi: ukija kusafisha kelele baadaye, MP3 inakuonyesha kile ilichotupa.

Kipaza sauti kikae umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isikipige. Kiwango cha juu kicheze karibu na −12 dB. Anayecheka ghafla asipasue sauti. Zima friji. Vaa kisikizi muda wote, si dakika ya kwanza tu: kadi iliyojaa na betri iliyolala ndizo zinazoua mahojiano mengi, na aliyevaa kisikizi hugundua mara moja.

Mahali. Ploti ya chumba kimoja haifai, kuta zake zinapitisha hata kikohozi. Mkahawa wa mjini haufai pia, kwa kelele na kwa masikio. Ofisi ndogo ya kukodi kwa saa, katikati ya wiki, mchana, mtu mmoja mmoja, haimshangazi askari wa mlangoni. Epukeni kuweka wasimuliaji wawili siku moja wakapishana kwenye ngazi. Nairobi ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye ramani.

Baada ya kurekodi, siku hiyo hiyo: faili inaingia kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao, ndani ya kasha lililosimbwa (VeraCrypt ni ya bure na inatosha). Piga hesabu ya SHA-256 ya kila faili (namba ndefu inayobadilika faili ikibadilika hata kidogo) uiandike kwenye daftari, ndivyo utakavyojua baada ya miaka mitano kama faili imeoza. Kisha nakala tatu kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae nyumba nyingine, ikiwezekana kaunti nyingine. Kadi ya memori ukifuta "delete" hujafuta kitu. Iliyotumika kwa mahojiano haya isirudi kwenye kamera ya harusi.

Nywila: maneno sita ya Kiswahili yaliyookotwa kwa dadu, yasiyo na maana pamoja. Msitumie methali, methali ziko kwenye orodha za wavunjaji. Na hapa ndipo miradi mingi hufia: nywila inajulikana na mtu mmoja, naye anapata kazi Doha. Wajue wawili, na bahasha iliyofungwa ikae kwa wakili.

Majina ya faili yawe N07-1, N07-2. Usiandike "Mama_Kayole_mwisho_mwisho". Karatasi inayounganisha N07 na mtu ikae mbali na diski. Maandishi ya kompyuta pia hubeba jina la aliyeandika ndani ya faili bila kuonekana, na picha za simu hubeba mahali zilipopigwa. Safisha kabla ya kutoa nje.

Kuhusu kubadilisha sauti: kuipandisha au kuishusha peke yake hakusaidii, mtu yeyote mwenye programu ya bure anairudisha. Kama msimuliaji hataki kutambulika, mtafuteni msomaji mwingine asome maandishi, na sauti ya asili ibaki imefungwa. Kwa picha, uso ufunikwe kwa rangi nyeusi kamili na picha ihifadhiwe upya. Ukungu wa kupaka si kinga. Picha ya birthday ya watu tisa inahitaji ridhaa tisa. Mliyempata mmoja, basi mnazo nyuso nane za kufunika.

Mwanazuo_Makadara

Swali la miaka lina dawa, na ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Usimwulize mtu mwaka. Muulize kabla au baada ya nini. Kila mkazi wa jiji hili ana misumari ileile ya kutundikia kumbukumbu:

jaribio la mapinduzi, 1 Agosti 1982; maandamano ya Saba Saba, 1990; bomu la ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998; Moi kuondoka, Desemba 2002; sheria za Michuki za matatu, Februari 2004 (je, mathree, yaani matatu, ulilopanda mlisimama ndani au kila mtu alikuwa na kiti na mkanda?); M-Pesa, Machi 2007; ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008; katiba mpya, Agosti 2010; shambulio la Westgate, Septemba 2013; kafyu ya korona, Machi 2020.

Simu ni msumari mzuri kuliko yote, kwa kuwa mapenzi ya siri hufuata njia ya mawasiliano. Muulize: ulimpataje, na ujumbe ulipitia wapi? Kabla ya simu za mkononi kuenea kuanzia 2000, ilikuwa kibanda cha simu cha posta na sarafu mkononi, simu ya ofisini inayopokelewa na karani mwenye masikio marefu, au barua kwenye sanduku la posta la kukopeshwa na rafiki. Baadaye ikaja saiba (duka la intaneti) na chumba cha mazungumzo cha Yahoo, unalipa kwa dakika na jirani anachungulia kioo chako. Kisha kuflash (kupiga simu na kukata), kisha programu za kutafutana. Kila hatua ilibadili nani anaweza kumpata nani. Asiye na sanduku la posta wala kazi ya ofisini mwaka 1985 alikuwa na njia nyingine kabisa, na hao ndio hawajahojiwa.

Maswali yatakayowapa dhahabu ni ya nyumba, pesa, hospitali na matanga. Kitabu cha kodi kilikuwa na jina la nani? Mwenye nyumba aliambiwa ninyi ni nani kwa kila mmoja: binamu, mtu wa kwenu, mfanyakazi mwenza? Mmoja alipohama, deposit ilirudi kwa nani? Chama chenu kilichangisha siku gani, na mtu akifutwa kazi mlifanyaje? Alipolazwa, nani aliandikwa kama jamaa wa karibu, na nani alisimama nje ya wodi saa ya kutazama wagonjwa? Alipofariki, nani aliruhusiwa kupanda basi la kwenda ushago (kijijini kwao), akakaa kiti gani, akatambulishwa kama nani kaburini? Kisa cha kwanza cha ukimwi nchini kilitambuliwa 1984, na dawa hazikuwa bure katika hospitali za umma hadi 2006. Kati ya miaka hiyo miwili kuna historia nzima ya watu waliouguza wenzao bila jina la uhusiano, na msipoiuliza mtu hataianza yeye.

Wanawake. Tazameni maneno ya kifungu cha 165 aliyowapa Wakili: kinataja wanaume peke yao. Ndiyo maana mkienda kutafuta wasagaji kwenye majalada ya kesi mtarudi mikono mitupu na mtadhani hawakuwepo. Shinikizo kwao lilitoka kwingine: ndoa ya kulazimishwa, mtoto kuchukuliwa na ukoo wa baba, ndugu kuja kumfungia nyumba, mshahara kuishia mkononi mwa kaka. Basi maswali yao yaanze nyumbani, si mtaani. Na watafuteni kwenye timu za mpira, saluni, vyama vya akiba, kwaya. Baa zilikuwa ghali na usiku ulikuwa hatari kwa mwanamke yeyote, awe kuchu au la.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa mtu atalileta tu: ndoa za mwanamke kwa mwanamke, kama iweto kwa Wakamba, au zile za Wanandi ambazo Mahakama Kuu ya Mombasa ilizitambua 2011 katika kesi ya mirathi, zilikuwa za kuendeleza nyumba na kupata mrithi. Msiziandike kama ushahidi wa usagaji wa kale. Msimuliaji akisema yeye aliitumia njia hiyo kuishi na mpenzi wake, hapo ni maneno yake, yaandikeni kama yake.

Kikao kisizidi dakika 90. Nauli na chakula mpeni taslimu, tena kabla ya kuanza, ili akitaka kuondoka katikati asijihisi ana deni. M-Pesa huacha jina. Unukuzi utakula muda: saa moja ya sauti yenye Kiswahili, Sheng na lugha ya mama ni kazi ya saa sita hadi nane. Programu za kunukuu zenyewe hazijui Sheng, na nyingi hupeleka sauti kwenye seva za watu.

Kijana_Ngara

Kuhusu majina ya mahali mimi nasema fuateni moja tu: sehemu ambayo bado iko wazi, haitajwi. Iliyofungwa na jengo kubomolewa, itajeni kwa jina, barabara na ghorofa. Watu wa mtandaoni wanapenda sana orodha za "wanapokutana", na wanaozisoma kwanza ni wale wa kuweka mitego. Mnajua mtego wenyewe: mtu anakualika nyumbani kupitia programu, dakika kumi baadaye wanaingia wawili wanajiita polisi, na PIN yako inatolewa kwa makofi.

Wakili_RiverRoad

@Kijana_Ngara sawa kabisa, na kudai pesa kwa vitisho ni kosa la jinai hata kama anayetishwa ni kuchu. Ila niongeze juu ya kufuta, kwa sababu kuna kufuta kunakoua kazi.

Mtu hatambuliwi kwa jina tu. "Mwalimu wa kwaya, Kariobangi, aliyekuwa na pikipiki nyekundu" ni mtu mmoja duniani. Kila maelezo mkiyaona peke yake hayana hatari, yakikutana matatu yanamtaja. Hesabuni hivi: kazi, mtaa, kabila, kanisa, ulemavu, idadi ya watoto. Bakizeni mawili, mengine yapanueni. Mwalimu wa kwaya anakuwa mtu wa kanisani, Kariobangi inakuwa Eastlands. Msibuni badala yake. Ukimhamisha mtu kutoka Kariobangi hadi Lavington umebadili kodi, mathree, polisi na majirani, na simulizi imekuwa uongo.

Mwaka msiuguse kamwe. Mtu aliyekamatwa 1995 kwa kutembea usiku na aliyekamatwa 2015 hawakukamatwa chini ya mambo yaleyale. Wa kwanza alikuwa na Sheria ya Uzururaji juu ya kichwa chake, iliyofutwa 1997. Baadaye zikawa sheria ndogo za jiji za kero za 2007. Makuchu wengi walioshikwa mjini hawakuwahi kusomewa 162. Walishikwa kwa kuzurura au kelele, wakatoa kitu kidogo, wakaachiliwa kabla ya kitabu cha OB (cha matukio kituoni) kufunguliwa. Kwa hiyo muulizeni msimuliaji: uliambiwa kosa gani, ulipewa risiti, ulilala seli? Majibu hayo hayapatikani katika jalada lolote la serikali.

Na suala la Uingereza, hamkuliuliza lakini linawahusu. Kabla ya 1967 watu wa kule walichoma barua zao kwa kuogopa polisi na vitisho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichobaki kwenye nyaraka za miaka hiyo ni majalada ya polisi na mahakama, yaani vyoo vya umma, bustani na misako ya klabu. Maisha ya kupika chai na kugombania kodi yalibidi yatafutwe kwa mahojiano wazee wakiwa wamebaki wachache. Nyinyi mna nafasi ya kuanza na chai.

KaratasiNaWino

Asanteni sana, hii imetufungua macho. Mawili yamebaki. Baadhi ya tunaowajua ni wakimbizi kutoka Uganda waliokuja baada ya sheria ya kupinga ushoga ya 2014, na wengine baada ya ile ya 2023. Wajumuishwe? Na mwisho wa yote diski ziende wapi? Hatuwezi kuzilaza uvunguni mwa kitanda miaka 30.

Mwanazuo_Makadara

Wakimbizi ni sehemu ya Nairobi, wajumuisheni, lakini si sasa kwa wote. Mtu ambaye ombi lake la hifadhi au la kuhamishiwa nchi ya tatu bado linashughulikiwa ana maelezo yake kwenye faili la UNHCR, shirika la UN la wakimbizi. Simulizi yenu ikitofautiana nayo kwa tarehe moja tu, inaweza kumletea maswali asiyostahili. Na tarehe hutofautiana, ndivyo kumbukumbu ilivyo. Aliyehama tayari au aliyekwisha kupewa jibu, mhojini. Wengine waandikieni muda wa kurudi. Wa zamani zaidi msiwasahau pia: Jukwaa la Kijamii la Dunia lilipofanyika Kasarani, Januari 2007, hema la makuchu lilikuwa wazi kwa kila mpita njia, na waliolihudumia walitoka nchi kadhaa za jirani. Hao wengi wana mengi ya kusema na hawana faili linalosubiri.

Kuhusu mahali pa kuweka, gawanyeni. Yaliyo wazi tayari, yaani magazeti, hukumu, taarifa za mashirika, hayana haja ya kufichwa. Hukumu zote kubwa zinasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law: ile ya 2019 juu ya 162, ile ya Mahakama ya Rufaa ya Mombasa, Machi 2018, iliyoharamisha kuwapima watu njia ya haja kubwa kwa lazima, na ile ya Mahakama ya Juu, 24 Februari 2023, majaji watatu dhidi ya wawili, kuhusu haki ya kusajili shirika la kutetea makuchu. Chapeni nakala za karatasi muziunganishe na mkusanyiko, ili msikilizaji wa 2055 ajue msimuliaji alikuwa anaishi chini ya nini. Magazeti ya zamani yapo Maktaba ya McMillan na kwenye Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Ombeni kwa tarehe, msiombe kwa mada. Karani haulizi kwa nini unataka gazeti la Agosti 1998.

Rekodi zilizofungwa zisibaki nchini peke yake. Johannesburg kuna GALA, iliyoanzishwa 1997, mwaka mmoja kabla ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini kufuta makosa haya, na kazi yake ni kumbukumbu za namna hii. Andikeni nao mapema, kabla ya mahojiano ya kwanza, kwa sababu hifadhi ya maana itawauliza fomu yenu ya ridhaa inasema nini kuhusu kuhamisha nakala nje ya nchi. Kama haisemi, mtarudi kwa watu wote 20 kuomba upya, na baadhi hamtawapata. Sheria yetu ya data nayo ina masharti ya kutoa data nyeti nje, ridhaa ikiwemo, hivyo sentensi hiyo moja inajibu pande zote mbili.

Kwenye mkataba wa kuweka, taja tarehe ya kufunguliwa kwa kila rekodi, si kwa mkusanyiko mzima. N03 anaweza kusema akifa ifunguliwe. N11 ana watoto wa shule, atasema 2060. Msiandike "sheria ikibadilika ifunguliwe" kama sharti la pekee. Botswana mahakama ilifuta kosa hilo Juni 2019, serikali ikakata rufaa, na uamuzi wa mwisho ukaja Novemba 2021. Rekodi ingefunguliwa lini hapo? Tena mkwe anaweza kubaki mkwe hata baada ya sheria kufutwa.

FundiSauti

Na diski iliyolala iwashwe kila miezi sita, ikaguliwe kwa zile namba za SHA-256 za daftarini. Ile ya SSD msiitumie kwa kulaza. Ikikaa bila umeme muda mrefu hupoteza data. Nunueni ya kuzunguka, mbili za kampuni tofauti, ili kasoro ya kiwandani isiziue zote wiki moja. Kila miaka mitano hamisheni kwenye mpya, na kasha la VeraCrypt lifunguliwe kwa toleo la wakati huo kuhakikisha bado linafunguka.

KaratasiNaWino

Nimeelewa. Tunaandika fomu wiki hii, na sentensi ya nakala ya nje itakuwemo. Wakili, tukimaliza rasimu nitakutumia kwa ujumbe wa faragha uipige msasa.

Wakili_RiverRoad

Tuma, lakini bila jina la yeyote ndani yake.